Wapigaji Wanne, Wasikilizaji Wasumbufu

Nianze kwa kujikinga: sina ugomvi na muziki wa gemu. Naandika hivyo mapema ili wapwa zangu wasinitumie ujumbe wa sauti wa dakika sita kila mmoja. Wala sina ugomvi na fidla. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Harusi za kwetu zilipigiwa fidla, udi na ganuni zamani sana, kabla simu haijajua kuzungumza na spika. Ugomvi wangu ni na wasikilizaji. Mtu anayesikiliza muziki wa gemu uliopangwa upya kwa fidla mbili, viola na chelo ndiye msumbufu kuliko wote waliowahi kukalia makochi yangu, na hapo nimeshawahesabu watani wa jadi siku ya mechi.

Nina mpwa. Amekuja Dar es Salaam kutafuta kazi, na mpaka sasa kitu alichokipata ni nywila ya intaneti yangu. Kazi anayoifanya kwa bidii ni kutafuta video za watu wanne waliovaa nguo nyeusi, wameketi nusu duara, wanapiga muziki wa Mario kwa nyuso za msibani. Kundi la namna hiyo wenyewe wanaliita kwarteti. Jumamosi moja aliiunganisha simu yake na televisheni yangu, akamwita rafiki yake, rafiki akaja na njaa. Jirani yetu fundi friji akasikia kupitia dirishani, akaja bila kuitwa. Mwalimu wa kwaya alikuja kudai mchango wa ukarabati wa kinanda, akaambiwa asubiri kidogo, akasubiri hadi usiku. Mke wangu alikuwepo kwa sababu ni kwake. Mama mkwe, Mlutheri wa Machame aliyeletwa mjini na kliniki ya magoti, alikaa pembeni na ungo wake anachambua mchele, hana habari na mtu.

Kabla ya kubonyeza chochote, mpwa wangu alitoa mhadhara. Nakiri ulikuwa na maana, jambo lililoniudhi zaidi. Mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983 ilikuwa na njia tano tu za sauti: mbili za mlio mkali, moja ya besi, moja ya kelele tupu inayojifanya ngoma, na moja ya vipande vifupi vilivyorekodiwa. Koji Kondo alipotunga muziki wa Super Mario Bros. mwaka 1985 hakuwa na okestra. Alikuwa na hizo. Na hata hizo hakuachiwa kwa raha. Mario akiruka, mlio wa kuruka unaazima njia moja, na sauti mojawapo ya muziki inanyamaza mpaka bwana atue. Akiokota sarafu, vivyo hivyo. Kwa maneno mengine, watoto wa dunia nzima walikua wanasikiliza wimbo wenye matundu, na matundu hayo waliyatoboa wao wenyewe.

"Sasa mjomba," akasema, "kwarteti inayaziba."

Nikamwelewa. Fidla ya kwanza inachukua mlio mmoja, ya pili inachukua mwingine, chelo inashika besi. Viola, anayepewa siku zote kazi ambazo wenzake hawazitaki, anaachiwa kelele: anageuza upinde na kugonga nyuzi kwa ubao wake. Hakuna anayeruka, hakuna anayeokota kitu, na wimbo unasikika mzima kuanzia mwanzo. Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza wimbo huu katika orodha ya rekodi za kuhifadhiwa vizazi na vizazi, wa kwanza kutoka kwenye gemu kupewa heshima hiyo. Mtu mwenye akili zake angetegemea kwamba hapo sasa watu watakaa kimya, wausikilize.

Thubutu.

Fundi friji alianza na vidole gumba. Vilikuwa vimetulia juu ya mapaja, mara vikaanza kubonyeza, kulia, kushoto, kulia. Yeye ni wa kizazi cha zile mashine za bandia na kaseti zake za njano, zilizoandikwa kwa nje kwamba zina gemu 9,999 na ndani zina gemu chache zinazobadilishana majina. Vidole vilipopata moto, mdomo nao ukafuata. Akawa anatoa mlio wa kuruka. Kwa mdomo! Kila wapigaji wanne waliposhikana vizuri, fundi anaruka. Akatua, akaokota sarafu, akaruka tena. Tundu alilohangaika kuliziba mtaalamu wa viola na digrii yake, likatobolewa upya na fundi friji wa Mbagala.

Halafu wapigaji wakaongeza kasi. Kwenye gemu, muda unapokaribia kuisha muziki huenda mbio ili kukutia wasiwasi, na waliopanga muziki ule hawakutaka kutunyima wasiwasi huo. Fundi akasogea ukingoni mwa kochi. Jasho likamtoka. "Muda! Muda!" akapiga kelele, akimhimiza mtu ambaye hayupo avuke shimo ambalo halipo. Huyu ndiye aliyekaa na friji yangu tangu kabla ya Ramadhani. Muda wa friji haujawahi kumtoa jasho.

Msikilizaji wa pili ni msahihishaji. Rafiki wa mpwa wangu hana zaidi ya miaka ishirini na mitatu, lakini kila kitu kwake kilikuwa kizuri zamani. Nota ya kwanza haijaisha, keshasema: "Hii siyo kasi yake." Nota ya pili: "Hapa wamebadilisha." Ulipofika muziki wa Tetris alishindwa kabisa kukaa. Akatutangazia kwamba wapigaji wameuharibu, kwamba halisi ni ule wa Game Boy wa mwaka 1989 na mwingine wowote ni uigaji.

Nikamwacha amalize andazi, nikamwambia. Wimbo ule unaitwa "Korobeiniki". Ni wa Warusi, wa karne ya 19, na maneno yake yanatokana na shairi la Nikolai Nekrasov lililochapishwa mwaka 1861, wakati Game Boy haijaota hata kwenye ndoto za Wajapani. Unahusu wafanyabiashara wadogo wanaotembeza bidhaa vijijini. Machinga, kwa ufupi. Kama kuna aliyeuiga, ni hicho kidude chake cha betri. Na kwa wimbo wa Warusi, fidla haziwezi kuwa wageni kuliko betri.

"Hao machinga walikuwa wanauza nini?" akauliza mke wangu, aliyekuwa kimya mpaka hapo.

"Vitambaa."

"Kwa mkopo?"

Sikuwa na jibu, na kijana naye hakuwa na aibu. Alifikiri kidogo, akasema hata hivyo kasi ya Game Boy ndiyo sahihi.

Wa tatu ni mfiwa, na huyu ni mpwa wangu mwenyewe. Walipiga kipande kimoja cha polepole, fidla ya kwanza ikiwa juu, wenzake wakiisindikiza kwa chini, na nitasema kweli: kilinishika. Sikijui, sijawahi kukisikia, hakina deni lolote kwangu. Nilianza kukipenda taratibu kama kilivyokuja. Ndipo sauti ya kukwama ikasikika kutoka kwenye kochi la wageni.

"Mjomba, hapa ndipo anapouawa."

"Nani?"

"Aerith."

Basi, kikaharibika. Ikabidi nielezwe: gemu ya Final Fantasy VII ya mwaka 1997, binti muuza maua, upanga mrefu, mgongoni, katikati ya safari, na wewe uliyekuwa unamlea na kumnunulia vifaa unabaki umeshika kidude cha kuchezea mkononi. Muziki wa Nobuo Uematsu, mtu aliyejifundisha mwenyewe bila kupita chuo cha muziki. Mpwa wangu analia huku ananisimulia. Nimemwona kijana huyu msibani kwa babu yake mzazi. Hatujamaliza kufukia kaburi, anaulizia pilau.

Na hayuko peke yake. Redio ya Uingereza ya Classic FM kila mwaka huwapigisha wasikilizaji kura kuchagua muziki wa klasiki wanaoupenda kuliko wote. Mwaka 2012 waliolia kwa ajili ya binti huyo walijipanga, wakamwingiza nafasi ya 16. Mwaka uliofuata muziki wa Final Fantasy ukapanda mpaka nafasi ya 3, juu ya watunzi ambao sanamu zao zimesimama kwenye bustani za Ulaya. Wazee wa muziki walinung'unika. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilijisikia ndugu wa wazee wa Uingereza.

Lakini nimelichunguza jambo hili, maana usingizi wenyewe haukuja usiku ule. Mtu akienda kusikiliza simfonia, anaisikia mara moja, anarudi nyumbani. Mchezaji gemu anausikia wimbo uleule saa nzima, kwa sababu unajirudia mpaka avuke hatua. Akivuka haraka, wimbo unampita. Akishindwa, akafa, akaanza upya, akafa tena, wimbo unamwingia mpaka kwenye mifupa. Kwa hesabu hiyo, anayeupenda wimbo kuliko wote ni yule aliyeshindwa kuliko wote. Yale machozi sebuleni kwangu si sifa kwa mtunzi wala kwa wapigaji. Ni kumbukumbu za vipigo.

Ndiyo maana nasema msikilizaji mwenye kumbukumbu ni msikilizaji mbaya. Wapigaji wamejitahidi kuutoa muziki ndani ya gemu, wameupangusa vumbi, wameuweka mezani usimame kwa miguu yake. Yeye anauchukua na kuurudisha ndani ya gemu, tena anatufungia mlango na sisi.

Msije mkadhani nilimkumbatia mwalimu wa kwaya. Huyo ni aina ya nne: hana kumbukumbu yoyote ya gemu, lakini ana kanuni. Alikaa mikono imekunjwa kifuani, nota zake za do-re-mi zimetokeza kwenye mfuko wa shati, akatuambia kwamba kwarteti ni mali ya Haydn, na kumpigia Mario kwa vyombo hivyo ni kufuru.

Nikamuuliza anamjua Haydn kweli, au anamjua kwa cheo chake tu. Mwaka 1781 Joseph Haydn alitunga kwarteti ambayo leo inaitwa "Utani". Mwishoni muziki unasimama. Watu wanataka kupiga makofi, unaanza tena. Unasimama. Unaanza. Kinakuja kimya kirefu, kila mtu anaamini sasa yamekwisha, halafu wapigaji wanachomeka kile kipande cha mwanzo kabisa, utadhani wanarudia wimbo wote, na hapo ndipo wanapoacha. Bwana yule alitunga wimbo unaojifanya kujirudia bila kikomo miaka mia mbili kabla ya mashine ya Nintendo. Na wewe mwalimu unamlinda dhidi ya nani?

Akasema muziki wa gemu haufai mahali pa heshima. Nikamwambia heshima umeshaipata. Koichi Sugiyama, mtunzi wa Dragon Quest, aliupeleka kwenye jukwaa la okestra Tokyo mwaka 1987. Mwaka 2003 ukapigwa Leipzig, mji aliofanyia kazi Bach. Mwaka 2022 ukaingia kwenye matamasha ya Proms, ndani ya Royal Albert Hall, London. Hakutikisika. Ikabidi nitoe ushahidi wa nyumbani: ufunguzi wa Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021, bendera ya Kenya na bendera ya Tanzania zikipita uwanjani. Gwaride lile zima la mataifa lilipigiwa muziki wa gemu, na wa kufungulia njia ulikuwa huohuo wa Sugiyama. Mwalimu alinyamaza. Kimya chake nakijua sababu: siku ile alinisimulia mwenyewe jinsi muziki ule wa Wajapani ulivyomgusa, mpaka akasimama mbele ya televisheni, mkono kifuani.

Kuna adha nyingine ambayo hakuna aliyeniandaa kwayo, nayo ni makofi. Muziki wa gemu kwa asili yake hauna mwisho, unakatika tu ukishinda au ukifa. Anayeupanga kwa kwarteti lazima autungie mwisho, na kila mmoja anautunga anavyotaka. Matokeo yake sebule nzima haijui wapi pa kushangilia. Fundi anapiga makofi katikati. Msahihishaji anasema bado. Wapigaji wanainua pinde juu, wanaganda, tunaganda nao, kumbe wanavuta pumzi. Tulikaa vile muda wote kama watu wanaongoja matokeo ya kidato cha nne.

Kwetu Tanga mambo haya yalikuwa wazi. Taarabu ikikugusa unainuka, unatembea kwa madaha hadi mbele, unamtunza mwimbaji noti yako, na ikiwezekana unapita karibu na meza ya yule ambaye ubeti ule unamhusu. Kila mtu anajua nani kaguswa, kaguswa na nini, na nani kakusudiwa. Hapa mpwa wangu anatokwa machozi na hakuna wa kumtunza. Nimtunze nani, televisheni? Bando lenyewe ni langu.

Ndipo likaja la mwisho, nami nikakaa sawa.

Mwaka 2005 ilitoka gemu ya Civilization IV, ambamo unajenga taifa tangu enzi za mawe hadi vyombo vya angani. Muziki wa kuifungulia aliutunga Mmarekani Christopher Tin, aliyewahi kuishi chumba kimoja chuoni na mbunifu mkuu wa gemu hiyo. Unaitwa "Baba Yetu". Maneno yake ni Sala ya Bwana, kwa Kiswahili. Wa kwanza kuuimba ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, California. Baadaye ukarekodiwa upya na Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini. Mwaka 2011 ukapata tuzo ya Grammy, wa kwanza kutoka kwenye gemu kuipata. Dunia nzima imeusikia wakati ikichagua taifa la kuliongoza: unasali kwanza, halafu unavamia jirani.

Wapigaji wakaanza. Fidla, viola, chelo. Neno hata moja hakuna! Wimbo uliokipeleka Kiswahili Grammy, wameunyoa maneno yote, wamebaki wanauimba kwa mbao. Sikuvumilia. Chelo ilipoingia nikawaambia, "Hapo ni mbinguni." Fidla ya pili ilipojibu nikawaambia, "Hapo anaomba chakula." Walipopanda juu wote kwa pamoja nikasimama kabisa, "Makosa! Hapo ni kusamehewa makosa!"

"Mjomba," akasema mpwa wangu, macho yake bado mekundu kwa msiba wa muuza maua, "si utulie tusikilize muziki?"

Mnaona adabu za siku hizi? Mimi sikuwa narudisha gemu yoyote. Sijawahi kuicheza. Mimi nilikuwa naziba matundu. Mtu anayeruka kwa mdomo na mtu anayefundisha umma lugha yake hawawezi kuwekwa kochi moja, nami nililisema hilo kwa sauti iliyowafikia hadi wapangaji wa nyumba ya pili. Fundi friji akasema nisogee kidogo, namkinga.

Katika vurugu hiyo mama mkwe akainua kichwa. Tangu jioni alikuwa hajamsahihisha mtu, hajalia, hajaruka, hajapiga makofi. Na kwa kipimo changu yeye ndiye aliyekuwa msikilizaji pekee mle ndani. Akauliza kinachogombaniwa ni nini. Mke wangu akamwambia, "Mama, hao wazungu wanapiga Sala ya Bwana."

Mama mkwe akauweka ungo chini. Akajifuta unga wa mchele mikononi, akafumba macho, akainamisha kichwa, akaisali yote kwa mwendo wa Machame, ambao hauna viola wala kusubiriana. Sote tukanyamaza, hata fundi. Akafika mwisho, akasema Amina kwa nguvu, akafumbua macho.

Kwenye televisheni, wapigaji walikuwa bado hawajafika katikati. Akawatazama mmoja mmoja, kuanzia fidla ya kwanza hadi chelo, halafu akanigeukia mimi mwenye nyumba.

"Mwanangu, Amina si imeshatoka? Hawa wanaomba nini tena?"